Kung'arisha Ndege Ndogo: Utepe Usisahaulike

Kijana wako akipata kibarua cha wikiendi cha kuosha ndege ndogo Lanseria, Rand au Grand Central, mweleze haya kabla hajashika sponji.

Jiji la Johannesburg liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Rangi ya ndege inayolala nje hupauka, ikaacha unga kama chaki. Kinga yake ni kuiosha kivulini ikiwa imepoa, kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, kisha kuipaka nta kwa kitambaa laini. Madirisha ni ya plastiki: dawa ya vioo yenye amonia huyatia nyufa, na kitambaa kikavu huyakwaruza.

Lakini lipo kubwa kuliko mng'ao. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vya kupimia kani ya hewa. Kwa vitundu hivyo rubani hujua yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Wakati wa kuosha huzibwa kwa utepe, maji na nta visiingie. Tarehe 2 Oktoba 1996, ndege ya abiria ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima, Peru, utepe ukiwa haujabanduliwa. Ilianguka baharini, na watu wote 70 wakafa.

Basi kijana atumie utepe wa rangi inayoonekana kwa mbali, ahesabu vipande akibandika na akibandua, kisha amwonyeshe rubani vitundu viko wazi. Ndege chafu itaoshwa kesho. Roho ya mtu haina kesho nyingine.