Taa Inayotangatanga Ziwani Si Uongo wa Mvuvi

Mwandishi aliyedai kwamba wavuvi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wanaoona taa ya mbali ikitangatanga ziwani ni walevi au washirikina amewakosea. Jicho halitulii kamwe, hata likikazia nukta moja. Usiku usio na mwezi, karabai moja ya kuvutia dagaa waitwao ndagala inaelea katika giza tupu: hakuna mlima wala ufuko wa kuipimia. Ubongo hukosa mhimili, na taa iliyotulia huonekana ikienda. Mwaka 1799, mlimani katika kisiwa cha Tenerife, mwanasayansi Alexander von Humboldt aliona nyota zikiyumba, akadhani mwendo ule uko nje ya jicho lake. Yeye hatumwiti mlevi. Ikiwashwa taa ya pili kando, kutangatanga hupungua. Mvuvi anasema alichokiona, aheshimiwe.