Kipimo kikionyesha huna malaria

Ni kweli lugha ya baadhi ya wahudumu wa afya inakera, lakini na sisi wagonjwa tuna la kujibu. Mtu anafika zahanati na homa, anatobolewa kidole, baada ya dakika 15 au 20 kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria. Badala ya kufurahi, anaona karudishwa mikono mitupu. Anapitia duka la dawa, ananunua dozi ya mseto, dawa ya malaria, vidonge 24 kwa mtu mzima, au anatafuta pa kuchomwa sindano, kwani bila sindano anaona hajatibiwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kwanza ndipo kutibu malaria, na sababu ni nzito: mtoto mwenye nimonia anazidiwa huku mama akisubiri mseto ufanye kazi. Hilo linaniumiza sana. Ila (na hapa nawatetea wenzangu) tulikulia enzi za klorokwini, kila homa ikiitwa malaria. Daktari anayesema tu "huna malaria" hajamaliza kazi. Amweleze mgonjwa anachodhani kinamsumbua, na arudi lini homa isiposhuka.