Sinema Isiyosema Mwisho Wake: Jibu kwa Mwalimu Mwenzangu



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kumjibu mwalimu mwenzangu mmoja. Simtaji jina, kwa maana ugomvi wetu si wa watu, bali ni wa neno. Neno lenyewe ni hili: sinema ikiisha pasipo kusema mambo yaliishaje, ni nani mwenye haki ya kusema? Najua wako watakaocheka na kuniuliza kama mwalimu hana kazi nyingine. Walakini kwa ajili ya neno hili mtoto mmoja wa kidato cha tatu alipewa sifuri, na sifuri ile haijafutwa hata leo.

Habari ilikuwa hivi. Jumamosi moja jioni wanafunzi walionyeshwa sinema iitwayo Inception, aliyoitengeneza Christopher Nolan mwaka 2010. Kwa wasioiona nitaeleza kwa ufupi. Yuko mtu aitwaye Cobb, na kazi yake ni kuingia katika ndoto za watu na kuiba siri zao. Kwa kuwa huzama ndotoni hata asijue kama yu macho au amelala, huchukua pia ndogo, mfano wa zile wachezeazo watoto. Akiizungusha ikaanguka, yu macho. Ikizidi kuzunguka pasipo kuanguka, yumo ndotoni. Mtu huyu ametengwa na watoto wake wawili, wala hawezi kurudi kwao Marekani, kwa sababu ameshitakiwa kwamba alimwua mkewe. Mwishoni anafika nyumbani. Anaizungusha pia juu ya meza, lakini kabla ya kuingoja watoto wanageuza nyuso zao, naye anawaendea. Pia yabaki peke yake inazunguka. Yaonekana kana kwamba yayumba kidogo. Mara picha inakatika, giza.

Mwenzangu akawapa wanafunzi swali: Je, Cobb amerudi kwake kweli, ama anaota? Toeni sababu. Mtoto yule akaandika kurasa tatu kwamba anaota. Mwenzangu akazikata zote kwa wino mwekundu, akaandika chini yake kwamba mwigizaji mwenyewe amekwisha kusema kuwa ni kweli.

Nataka wasomaji wajue kwanza mtoto aliandika nini, maana nililisoma daftari lile mara mbili. Alisema kwamba ile pia haikuwa ya Cobb tangu mwanzo, bali ya mkewe. Na katika sinema hiyo hiyo kuna sharti kwamba kila mtu awe na kitu chake, wala mwingine asikiguse. Basi ushahidi wa kitu cha mtu mwingine hauna nguvu, hata kikianguka. Alisema tena kwamba watoto wale mwishoni wameinama katika bustani vile vile kama anavyowakumbuka Cobb katika ndoto zake zote. La tatu ndilo lililonipendeza zaidi. Alikumbuka kwamba Cobb, alipokuwa akimfundisha msichana mmoja katika mkahawa wa Paris, alimwambia ishara ya ndoto ni hii, kwamba mtu hujikuta mahali fulani wala hakumbuki amefikaje. Mtoto akauliza: je, mwishoni hatukuvushwa toka ndege mpaka uwanja wa ndege mpaka nyumbani kwa namna hiyo hiyo?

Ndugu zangu walimu, kama wanafunzi wangu kumi wangesoma Maandiko kwa macho ya namna hii, ningemshukuru Mungu.

Sasa nitasema jambo ambalo mwenzangu hakulitazamia: mimi nadhani mtoto yule amekosea. Mtu akiangalia mkono wa kushoto wa Cobb ataona kwamba katika ndoto amevaa pete ya ndoa, naye akiwa macho hana. Na atoapo pasipoti yake mwishoni, pete haipo. Tena, katika orodha ya majina ipitayo baada ya giza, watoto wa Cobb wametajwa kwa umri wa namna mbili, msichana wa miaka 3 na wa miaka 5, mvulana wa miezi 20 na wa miaka 3. Maana yake ni kwamba walichezwa na watoto mbalimbali, na wa kumbukumbu zake si wa mwisho: wamekua. Watu wa ndotoni hawakui. Hoja hizi ningeziandika pembeni mwa kurasa zake tatu, nikampa alama nzuri, nikamwambia, "Haya, nijibu." Angepata kazi ya juma zima.

Lakini mwenzangu hakuleta pete wala umri wa watoto. Alimleta Michael Caine. Ni kweli kwamba mwaka 2018 mwigizaji huyo, aliyecheza kama mkwewe Cobb, alisimulia huko London kwamba hati ya sinema ilipompata ilimtatiza, akamwuliza Nolan ni wapi pa ndoto na wapi pa kweli, akajibiwa kwamba kila mahali atokeapo yeye Caine ni kweli. Naye yupo katika nyumba ile ya mwisho. Basi magazeti yakatangaza kwamba shauri limekwisha. Limekwisha kwa nani? Maneno yale aliambiwa mwigizaji mmoja ili apate kuifanya kazi yake. Sisi watazamaji hatukuambiwa. Hayamo katika picha, na mtu aliyeitazama mwaka 2010 hakuwa na njia ya kuyajua. Tena Nolan mwenyewe, alipowahutubia wahitimu wa Princeton mwaka 2015, alisema neno lenye sura nyingine: kwamba Cobb yuko na watoto wake katika ukweli wake mwenyewe, wala hajali tena kuhusu pia. Mashahidi wawili wa nyumba moja, na hawasemi sawa. Hakimu wa baraza la kijijini angewarudisha nyumbani wakapatane kwanza.

Wala hii si mara ya kwanza. Mwaka 1982 Ridley Scott alitoa sinema ya Blade Runner, habari za askari aitwaye Deckard awawindaye watu wa kutengenezwa, wafananao na wanadamu kwa kila kitu. Swali likazuka: je, Deckard naye ni wa kutengenezwa? Scott alisema mwaka 2000 kwamba ndiye. Harrison Ford, aliyemcheza Deckard, kwa miaka mingi alishika kwamba ni mwanadamu. Hampton Fancher, mmoja wa walioandika hati yake, hakukubaliana na Scott. Namwuliza mwenzangu: tukienda kwa mwenye mali, ni yupi katika hawa watatu? Zaidi ya hayo, ishara kubwa ya wasemao kwamba Deckard ni wa kutengenezwa ni ndoto yake ya farasi mwenye pembe moja, kwa sababu mwishoni anaokota sanamu ndogo ya karatasi ya mnyama huyo huyo, iliyoachwa na askari mwenziwe, kana kwamba yule mwingine ajua yaliyomo katika ndoto zake. Lakini ndoto ile haikuwamo katika sinema ya 1982. Iliingizwa katika toleo la 1992, ikabaki katika lile la 2007. Basi aliyeitazama mwaka 1982 akasema ni mwanadamu, hakukosea hata kidogo. Alisema kwa vile alivyopewa.

Na angalieni wakuu wa kampuni walifanya nini mwaka ule. Waliogopa kwamba watu hawataelewa, wakatia sauti ya Deckard mwenyewe akieleza kila jambo, kisha wakabandika mwisho wa furaha, gari likienda katika milima yenye misitu. Na picha nyingine za milima hiyo zilikuwa masalio ya sinema ya Stanley Kubrick. Nilipojua habari hii nilicheka, nikawakumbuka wasimulizi wa vibanda vya video hapa kwetu, waitwao madijei, watiao maneno ya Kiswahili juu ya sauti za wageni. Nawapenda, nao wamewapa raha watu wengi wasiojua Kiingereza. Lakini wengi wao hawawezi kuvumilia kimya. Picha ikinyamaza, wao husema. Picha isiposema nani alikufa, wao humzika. Watu hurudi nyumbani wakiwa na mwisho wa dijei, wakidhani ni mwisho wa sinema.

Wako wengine katika chumba chetu cha walimu waliodhani kwamba kwa kumpinga mwenzangu nimekuwa upande wao. Hao husema, "Sinema haikusema, basi kila mtu na jibu lake, mpeni mtoto alama zote." La hasha! Hilo ni uvivu uliovaa joho la upole. Kama majibu yote ni sawa, mtoto aliyeandika kurasa tatu yu sawa na aliyeandika mstari mmoja hali akisinzia. Watoto hulijua jambo hili kabla yetu. Mwalimu asemapo kwamba yote ni sawa, wao huacha kufikiri siku ile ile.

Wazee wetu hawakuwa wajinga kiasi hicho. Wengi wetu tumeisikia hadithi ya ndugu watatu waliompenda msichana mmoja. Mmoja ana kioo, akamwona huko mbali anakaribia kufa. Wa pili ana mkeka urukao, ukawafikisha. Wa tatu ana dawa, ikamponya. Msimulizi hunyamaza hapo, auliza: ni nani amwoe? Hakuna aliyekubaliwa kusema kwamba ni yeyote tu. Mtu alisimama, akatoa hoja, akapingwa, na mara nyingine usiku ulikwisha pasipo mshindi. Aliyesema, "Dawa, kwa sababu imekwisha, na kioo na mkeka vimebaki kwa wenyewe," alisikilizwa kuliko aliyesema, "Dawa, basi."

Iko miisho ambayo ushahidi waweza kuikata, au karibu kuikata; na iko ambayo ushahidi wakoma njiani. Kuzitambua namna hizi mbili ndiyo kazi yenyewe. Tazameni sinema ya Asghar Farhadi, A Separation, ya mwaka 2011, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Huko Tehran mume, Nader, na mke, Simin, wanaachana. Mke ataka kuhama nchi. Mume hataki, kwa sababu baba yake mzee amepotewa na akili naye ndiye amtunzaye. Wana binti wa miaka 11, Termeh. Mwishoni hakimu amwuliza binti atakaa na nani. Asema amekwisha kuamua. Wazazi watolewa nje, wangoja katika ujia, huyu upande huu na huyu upande ule, na mlango wa kioo katikati yao. Jibu la mtoto hatulisikii. Majina yaanza kupita.

Nilijaribu kulikata shauri hili kama nilivyofanya kwa Cobb. Mtoto alikaa na baba muda wote. Naam, lakini alikaa ili mama avutwe kurudi. Alisema uongo mbele ya hakimu kumwokoa baba. Naam, lakini baada ya hapo alilia, na machozi yale si ya mtu aliyezidi kumpenda babaye. Kila hoja yazaa hoja ya kuipinga. Lakini jicho langu liliona jambo jingine: siku ile ya mwisho wote watatu wamevaa nguo nyeusi. Hakuna asemaye kwa nini. Yamkini yule mzee amefariki. Basi ile sababu aliyoishika Nader ya kutokuondoka imekwisha, na bado wanaachana! Hapo niliacha kuuliza binti alimchagua nani. Mwanafunzi akiniandikia, "Picha haisemi, na hizi ndizo sababu zinazonifanya niseme kwamba haisemi," nitampa alama zake zote. Akiniandikia, "Picha haisemi, basi yeyote," nitamrudishia daftari.

Nasi tusomao Maandiko tungekuwa wa kwanza kuyajua haya. Kitabu cha Yona chaishia katika swali la Mungu juu ya Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, wala hatuambiwi Yona alijibu nini. Injili ya Marko katika nakala mbili za kale sana, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, za karne ya 4, inakoma katika mstari wa 8 wa sura ya 16, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Mistari inayofuata katika Biblia zetu haimo humo, na wataalamu wengi huona kwamba iliongezwa na watu wa baadaye.

Wala mimi si mwema katika neno hili. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilisoma na watoto mfano wa mwana mpotevu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yule kaka mkubwa aliyekasirika akabaki nje, aliingia?" Kengele ilikuwa karibu kulia. Nikamwambia, "Aliingia." Mtoto akaandika katika daftari: aliingia. Nimetafuta katika Luka sura ya 15 mara nyingi tangu siku ile, nami sikukuta mahali palipoandikwa hivyo. Baba anatoka nje anamsihi, na hadithi inaisha wangali wamesimama uani.

Nimekwisha kumwomba mwenzangu mara mbili alipime upya daftari la yule mtoto. Mara ya kwanza alisema nimpe muda. Mara ya pili alisema namtetea mtoto kwa sababu ni wa kwaya yangu, na hilo si kweli, hana sauti ya kuimba kabisa. Sasa namwomba mara ya tatu, mbele ya wasomaji. Aitazame tena sinema, kisha aandike katika gazeti hili sababu tatu, zote ziwe za ndani ya picha, za kuonyesha kwamba mtoto alikosea. Ya pete nampa bure. Akifanya hivyo nitatia sahihi yangu chini ya yake, na mtoto atapewa nafasi ya kutujibu sote wawili kabla ya alama kupelekwa ofisini.