Chemsha bongo ya mtandaoni haitoshi kumpima mwalimu wa lugha

TUME ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipozindua mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma (TPD) mnamo Septemba 2021, mjadala ulitawaliwa na ada ya Sh6,000 kwa mwaka. Swali jingine lenye uzito halikupewa nafasi ya kutosha: mwalimu anayepata mafunzo kupitia mtandao apimwe vipi?

Njia iliyo rahisi zaidi ni chemsha bongo ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Kompyuta husahihisha papo hapo, na mwalimu aliye mbali na chuo haachi darasa lake kwenda kufanya mtihani.

Aidha, majaribio mafupi yana manufaa ya kweli. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulibainisha kuwa wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka mengi zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu.

Hata hivyo, kumsaidia mtu kukumbuka ni jambo moja na kuthibitisha kwamba anaweza kufundisha ni jambo jingine. Anayebahatisha katika maswali kumi ya aina hiyo hutarajiwa kupata mawili au matatu bila kusoma chochote. Akiruhusiwa kurudia maswali yale yale, alama zitapanda hata kama ujuzi haukuongezeka. Majibu nayo husambazwa kwa simu kwa dakika chache.

Kwa mwalimu wa lugha, kasoro hii ni kubwa zaidi. Chukua mfano wa Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho-Kisumu, ambako watoto wengi huzungumza Kipsigis nyumbani. Lugha hiyo haitofautishi maneno kwa sauti /p/ na /b/, wala /t/ na /d/. Si ajabu basi mtoto akasema au kuandika "pata" akikusudia "bata". Mwalimu anaweza kuchagua jibu sahihi kuhusu mbinu za kurekebisha matamshi, lakini chemsha bongo haitaonyesha iwapo huisikia kasoro hiyo darasani, wala iwapo humsahihisha mtoto bila kumwaibisha.

Jambo hili si dogo, kwa sababu mpango wa TPD ulifungamanisha mafunzo na cheti cha kuhudumu kinachofanywa upya kila baada ya miaka mitano. Kipimo dhaifu kinaweza kumpitisha asiyestahili na kumwangusha mwalimu hodari ambaye mtandao ulikatika akijibu.

Watetezi wa chemsha bongo watasema kwamba walimu ni wengi mno kukaguliwa mmoja mmoja. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu (TPAD), ulioanza mwaka wa 2016, tayari unahitaji mwalimu atazamwe akifundisha. Kinachohitajika ni kuunganisha ukaguzi huo na mafunzo ya mtandaoni: mwalimu awasilishe sauti ya sehemu ya somo lake iliyorekodiwa kwa simu, pamoja na insha chache alizosahihisha, naye mwalimu mwenzake wa somo hilo azipitie.

Chemsha bongo ibaki kuwa zoezi la kujifunzia, lisilo na adhabu. Uamuzi kuhusu kazi ya mwalimu utokane na kazi yenyewe. Vinginevyo tutakuwa na walimu wenye vyeti, na watoto wa Kapsoit wangali wanaandika "pata" badala ya "bata".