Azory Yuko Wapi?
Gazeti la New York Herald lilimtuma mwandishi wake Stanley kumtafuta mmisionari Livingstone, aliyekuwa hajulikani alipo barani Afrika. Vita vya mtemi Mirambo vikamkwamisha Stanley Tabora, akazungukia kusini, na Novemba 1871 akamkuta Livingstone Ujiji. Mgeni alitafutwa hivyo; Azory Gwanda ni mwandishi wetu wenyewe Watanzania, aliyeripoti mauaji ya wilayani Kibiti katika gazeti la Mwananchi. Novemba 21, 2017 alimpitia mkewe shambani, akiwa garini na watu ambao mkewe hakuwajua, akasema ana safari ya dharura. Hakuonekana tena. Julai 2019 Kabudi, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akadai hakueleweka. Jambo zito hivi haliachwi hapo. Kama yu hai, arudishwe. Kama amekufa, familia ionyeshwe kaburi na itajiwe waliomchukua.