Jicho la Askari wa Rungwa

Usichanganye Rungwa na Rungwe, kosa ambalo wanafunzi wangu hulirudia kila mwaka. Rungwe ni mlima na migomba ya Mbeya. Rungwa ni miombo ya Singida, barabara ndefu itokayo Itigi kuelekea Makongolosi, na pori la akiba linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Likijumlishwa na jirani zake, Kizigo na Muhesi, eneo hilo linazidi kilomita za mraba 15,000. Wanaolilinda hubeba bunduki, nao huzeeka kama sisi.

Bunduki isiyo na darubini hulidai jicho jambo lisiloliweza: kuona kwa wakati mmoja mwanya wa kulengea ulio nyuma, ncha iliyo mbele ya mtutu, na shabaha iliyo mbali. Jicho la kijana huruka upesi kutoka kimoja hadi kingine, mwenyewe asitambue. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na ile ncha huota ukungu. Miwani ya kusomea haimwokoi mtu, kwa kuwa huiondoa shabaha kabisa.

Wanamichezo wa kulenga shabaha walikwisha kupata dawa. Miwani ya mlengaji huongezewa nguvu kidogo tu juu ya ile ya kuonea mbali, mara nyingi +0.50, ili ncha ionekane bila shabaha kupotea. Mwanya wa nyuma hubadilishwa kuwa kitundu kidogo, ambacho hunoa picha kama tufanyavyo tunapochungulia katikati ya ngumi. Anayetatizwa na jicho la pili huliziba kwa karatasi inayopitisha mwanga, maana kulifumba huchosha lile linalolenga. Ambaye jicho lake la kulia limefifia hujifunza upya kulengea bega la kushoto. Wasioona kabisa hushindana kwa kusikiliza sauti inayozidi kuwa nyembamba kadiri mtutu unavyokaribia katikati ya shabaha.

Sipendekezi sauti hiyo ipelekwe porini. Kiwanjani shabaha haina jina wala watoto. Huko Rungwa, kivuli kinachosogea jioni chaweza kuwa jangili, nacho chaweza kuwa mrina asali anayerudi na mzigo wake. Asiyeweza kuwatofautisha, hata baada ya kupewa miwani, asibebe silaha. Abaki kwenye redio, au awafundishe vijana kusoma nyayo.

Ninachokihofia zaidi ni siri. Mimi mwenyewe nilisoma mihadhara nikiwa nimenyoosha mkono kwa miaka miwili, nikiisingizia taa ya ukumbi. Gharama yangu ilikuwa mstari uliorukwa na kicheko cha nyuma ya darasa. Askari anayeamini kwamba kukiri udhaifu wa macho ni kupoteza mshahara atanyamaza vilevile, tena akiwa na risasi mkononi. Tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tumeonea. Mwajiri ndiye aliyefanya ukweli uwe ghali.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uchumaji kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Hiyo ni chai, ambayo jani lililokosewa halimwui mtu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandaa bajeti, iwekeni miwani katika fungu lilelile la buti na sare. Mpimaji wa macho aende kambini kabla ya zoezi la shabaha, asisubiri askari asafiri hadi mjini kwa nauli yake. Na fomu ya matokeo iwe na nafasi ya swali moja ambalo afisa atalazimika kulijibu kabla ya kuandika kwamba mtu ameshindwa: macho yake yalipimwa lini?