Nani Kasema Mandari Si Sadaka?

Kuanzia Riyadh hadi Mombasa, watu wameshika imani moja: sadaka kwa mtu mwenye ulemavu ni chakula, dawa na kiti mwendo. Vikipatikana hivyo vitatu, mtoaji hujiona amemaliza. Akiombwa fedha za kukodi basi ili watoto wenye mtindio wa ubongo, pamoja na mama zao na ndugu zao, wakapunge upepo ufukweni Jeddah, humtazama mwombaji kana kwamba ameombwa mchango wa harusi ya tajiri.

Imani hiyo ni potofu, na Saudi Arabia ndiko upotofu wake unakoonekana wazi.

Nchini humo, sheria ya mwaka 2000 iliibebesha serikali jukumu la matibabu, elimu na huduma za utengamao kwa raia wenye ulemavu, na zipo posho za serikali kwa wanaostahili. Mwaka 2018 ikaundwa mamlaka maalumu ya kusimamia mambo yao. Wahisani nao hawakulala: chama cha watoto wenye ulemavu, ambacho Mwanamfalme Sultan bin Salman, Mwarabu wa kwanza kufika angani mwaka 1985, amekiongoza kwa miaka mingi, kimejenga vituo Riyadh, Jeddah na miji mingine. Kwa raia wa Saudia, basi, tiba na posho vina mlipaji. Pengo kubwa linaanzia pale familia inapofungua mlango wa nje.

Mwezi wa Julai joto la Riyadh hupita nyuzi 40, na Jeddah huongeza unyevu wa bahari juu yake. Kijana wa miaka 15 asiyeweza kutembea hawezi kusimamishwa kando ya barabara kungoja teksi. Anahitaji gari lenye kiyoyozi na jukwaa la kupandishia kiti, mtu mwenye nguvu za kumnyanyua, na choo chenye nafasi ya kumgeuza. Mwenye usonji anahitaji pembe tulivu anapozidiwa na kelele. Reli ya mjini Riyadh, iliyoanza kazi Desemba 2024 na yenye njia 6 na vituo 85, ni msaada mkubwa, lakini kituoni lazima ufike kwanza. Hata pale kiingilio cha mahali pa burudani kinapokuwa bure, gharama imekwisha kula mfuko njiani.

Kuna jambo jingine ambalo watoaji hawajalitia maanani. Zamani kukaa nyumbani lilikuwa fungu la karibu kila mtu. Majumba ya sinema yalifungwa kwa zaidi ya miaka 35, na mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari. Mwaka 2018 sinema zikafunguliwa Aprili, na Juni akina mama wakashika usukani. Mwaka 2019 likaja tamasha la Msimu wa Riyadh, na Jeddah ikapata la kwake. Dira ya 2030 ya serikali yenyewe iliweka lengo la kupandisha matumizi ya kaya katika burudani na utamaduni kutoka asilimia 2.9 hadi 6. Mji mzima unapotoka usiku, anayebaki ndani hajapumzika, ametengwa. Utafiti wa serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 7.1 ya Wasaudi wana ulemavu. Hao si wachache wa kusahauliwa.

Wala anayebaki ndani habaki peke yake. Mama hubaki naye. Dada mdogo anayetamani bembea hubaki pia, kwa sababu hakuna wa kugawana zamu. Na katika nyumba nyingi, wa tatu ni kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, kutoka Kenya au Uganda, ambaye mikono yake ndiyo inayonyanyua, kuosha na kulisha mchana kutwa. Sadaka inayomchukua mtoto na kuwaacha hao imetibu robo ya tatizo. Ndiyo maana mandari inayostahili kuchangiwa ni ya familia, na mwenye kazi ya kumtunza ahesabiwe humo, naye apate saa zake za kupumua.

Watoaji wenyewe, bila kujua, wameshakubali hoja hii. Mwambie tajiri wa Jeddah kwamba fedha yake itampeleka mtu mwenye ulemavu Makka kwa umra, atatoa kwa moyo mkunjufu. Katika Msikiti Mtakatifu ipo hata njia maalumu ya viti mwendo kati ya Safa na Marwa. Gari ni lile lile, msaidizi ni yule yule. Ikiwa inawezekana kumfikisha kwenye sa'yi, ule mwendo wa Safa na Marwa, kati ya umati, inashindikanaje kumfikisha ufukweni akale aiskrimu na wadogo zake?

Watakaosema kuna wenye njaa wasikilizwe, lakini wasiachiwe neno la mwisho. Zaka ina mafungu yake manane, na yabaki hivyo. Sadaka ya hiari na wakfu vina uwanja mpana zaidi, na hakuna anayemkaripia mtu aliyenunulia msikiti zulia jipya wakati jirani hana unga. Ukali huu wa hesabu huzuka tu inapotajwa furaha ya mtu mwenye ulemavu. Na Madina ya Mtume haikumtunza Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, kwa kumpelekea tende nyumbani. Alikuwa mwadhini, na Mtume aliposafiri alipata kuachiwa mji.

Hata hivyo, si kila safari inafaa kuitwa sadaka. Ile ya Desemba 3, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, yenye fulana za mfadhili, hotuba na kamera zinazosogezwa usoni mwa watoto, kisha kimya hadi Desemba ijayo, ni tangazo la biashara. Familia ichague mahali na saa. Picha zisiwe malipo ya fadhila. Na fedha ilipe vitu visivyopendeza kwenye picha: mafuta, dereva, msaidizi, matengenezo ya jukwaa la gari.

Kwa hayo, njia bora ni wakfu, mali inayotengwa ili mapato yake yaendelee kutoa, maana basi linahitaji mafuta kila mwezi. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo: Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu, na Kenya ina makamishna wake. Wala jambo hili si hisani tupu: Kenya na Saudi Arabia ziliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania ikafuata 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja burudani na mapumziko kuwa haki. Basi kamati ya msikiti au kanisa inayopanga magunia ya mchele mwaka huu iweke pia bajeti ya gari, iende kwa familia tatu za mtaani na kuziuliza: mngependa kwenda wapi, na lini?